Usingizi, Uvimbe na Mguu wa Panya

Kwamba maumivu hufukuza usingizi ni jambo ambalo halikungoja maabara. Mwenye jino bovu hulijua, mwenye jipu hulijua, na anayemwuguza hulijua pia, maana hukesha naye bila ya kuumwa. Mwandishi Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza, alizihesabu dalili za mahali panapowaka mwilini kuwa nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kukesha hakukuwamo katika hesabu yake, na si ajabu, kwani kukesha kulichukuliwa kuwa ni mtoto wa maumivu wala si ndugu yake. Swali la kinyume, yaani kama mwili uliokosa usingizi huumia zaidi kwa jeraha lile lile, lilichelewa sana kuulizwa kwa vipimo. Lilipoulizwa, aghalabu aliyetakiwa kulijibu alikuwa mnyama, ambaye hana kinywa cha kueleza wapi panamwuma wala kwa kiasi gani.

Elimu mbili zilihitajiwa ili jibu lipatikane, elimu ya usingizi na elimu ya maumivu, nazo zilikua mbalimbali kama watoto wa baba mmoja waliolelewa miji miwili.

Elimu ya usingizi ilianza kwa vifo. Maria Manaseina, daktari wa Urusi, alitoa habari mbele ya mkutano wa kimataifa wa matibabu uliofanyika Roma mwaka wa 1894, kwamba alikuwa amewazuia watoto 10 wa mbwa wasilale. Hawakunyimwa chakula wala uangalizi. Walinyimwa usingizi tu. Walikufa wote katika muda wa saa 96 hadi 120, na joto la miili yao lilishuka kwa digrii 4 hadi 6. Mbwa aliyenyimwa chakula huweza kuishi siku nyingi zaidi ya hizo. Baadaye Henri Piéron na mwenzake Legendre, huko Ufaransa, walikesha mbwa kwa siku kadhaa, wakachukua maji ya ubongoni mwao na kuwatilia mbwa waliokwisha kupumzika, nao wakasinzia. Piéron alikitangaza kitabu chake juu ya habari hiyo mwaka wa 1913. Katika kazi zote hizo kilichotafutwa ni usingizi hutoka wapi na kwa nini kuukosa huua. Maumivu ya wale mbwa hayakuwa swali.

Elimu ya maumivu nayo ilikwenda njia yake, na njia hiyo ilikuwa ya biashara kwa sehemu kubwa. Aspirini iliuzwa kuanzia mwaka wa 1899, na kwa zaidi ya miaka 70 watu waliimeza bila ya mtu kujua inafanyaje kazi. Watengenezaji wa dawa walitaka kipimo cha kuzishindanisha dawa mpya na hiyo ya zamani. Mwaka wa 1957 Randall na Selitto, huko Marekani, walieleza njia yao: panya alidungwa hamira katika wayo wa mguu wa nyuma mpaka ukavimba, kisha wayo ule ukabanwa kidogo kidogo mpaka panya akaonyesha kuumia. Faida ya njia hiyo ilikuwa kubwa, kwani dawa za namna ya aspirini, ambazo hazikuonekana kufanya lolote katika mguu mzima, zilionekana wazi katika mguu uliovimba. Mwaka wa 1962 Winter na wenzake waliiacha hamira wakatumia karajinani, utomvu utokao katika mwani mwekundu, na kipimo hicho kikaenea katika maabara za dunia nzima. Msomaji wa Unguja atatambua kwamba utomvu wa jamii hiyo ndio unaowafanya wanawake wa Paje na Jambiani walime mwani baharini tangu mwaka wa 1989, ili upelekwe ng'ambo kukoleza vyakula. Kitu kisichodhuru katika maziwa huwasha moto katika wayo wa panya.

Kisha likaja jibu kubwa. Mwaka wa 1971 John Vane, akifanya kazi London, alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, vitu ambavyo hutokea penye jeraha na kuuchochea uvimbe. Mbrazili Sérgio Ferreira, aliyefanya kazi pamoja naye, alieleza zaidi kwamba prostaglandini huzifanya neva za mahali pale ziwe nyepesi za kuumia. Vane aligawana Tuzo ya Nobel na wengine wawili mwaka wa 1982. Tangu hapo ilionekana kama kwamba hesabu ya maumivu ya uvimbe imefungwa: moto uko mguuni, na dawa huuzima moto huko huko mguuni.

Walakini katika hesabu hiyo palikuwa na tarakimu iliyosahauliwa. Panya ni mnyama wa usiku. Mchana ndio wakati wake wa kulala. Watu wa maabara huja kazini asubuhi, humtoa panya katika kizimba chake, humpima, humrudisha, na jioni huenda zao nyumbani kulala usingizi wao. Panya wengi waliohukumu ubora wa dawa za maumivu walikuwa, kwa saa zao, watu walioamshwa usiku wa manane.

Waliojaribu kuziunganisha elimu hizo mbili walikutana na shida nyingine. Katika miaka ya 1960 Michel Jouvet wa Lyon aliwaweka paka juu ya chungu cha maua kilichopinduliwa na kuzungukwa na maji. Paka aliweza kusinzia, lakini usingizi wa ndoto, ambao huilegeza misuli yote, ulipomjia, alianguka majini akaamka. Njia hiyo ilihamishiwa kwa panya, ikatumika kwa miaka mingi. Mwaka wa 1984 wataalamu wa Rotterdam waliandika kwamba panya walionyimwa usingizi wa ndoto hawakupata kwa mofini nafuu waliyoipata wenzao. Habari hiyo ilikuwa na uzito, lakini ni nani awezaye kusema kwamba ilikuwa habari ya usingizi peke yake? Panya aliyekaa siku kadhaa juu ya kijukwaa, amelowa, hana pa kwenda na anaogopa maji, amepungukiwa na mengi zaidi ya usingizi. Tena hofu yenyewe huyabadili maumivu: mnyama akitiwa ghafla katika maji baridi, kwa muda fulani huumia kidogo kuliko kawaida.

Allan Rechtschaffen wa Chicago alijitahidi kuiondoa shaka hiyo. Panya wawili waliwekwa juu ya sahani moja iliyo juu ya maji. Mmoja akisinzia, sahani ilizunguka, wote wawili wakalazimika kutembea, ila yule wa pili aliweza kulala kila mwenzake alipokuwa macho. Katika taarifa ya mwaka wa 1989, panya wote 10 walionyimwa usingizi walikufa, au waliuawa walipokuwa mahututi, kati ya siku ya 11 na ya 32. Walikula zaidi na wakakonda, ngozi ya mikia na nyayo zao ikafanya vidonda, na miili ilipopasuliwa sababu ya kifo haikuonekana. Ni kazi iliyofikiriwa kwa uangalifu, na ni kazi ngumu kuisoma. Russell na Burch walikuwa wamekwisha kuandika mwaka wa 1959 kwamba mtaalamu apunguze idadi ya wanyama na mateso yao kadiri awezavyo, na kwamba jaribio la kikatili aghalabu ni jaribio bovu pia. Historia ya usingizi na maumivu ni ushahidi wao: maadamu mnyama aliteswa ili akeshe, haikujulikana kama kilichopimwa ni kukesha au ni mateso.

Kwa upande wa wanadamu, mwaka wa 2007 Haack na wenzake waliandika juu ya watu wenye afya waliopewa saa 4 tu za kulala kwa usiku 10. Maumivu waliyoyataja yaliongezeka, na katika damu yao kiliongezeka kitu kiitwacho interlukini-6, ambacho huandamana na uvimbe. Mtu angeweza kudhani kutokana na hayo kwamba kukesha ni uvimbe mdogo ulioenea mwili mzima, na kwamba dawa ya uvimbe itautosha.

Mwaka wa 2017 Alexandre, Latremoliere, Woolf na wenzao wa Boston walitoa jibu jingine. Waliwachukua panya wadogo wenye afya, wakayatazama mawimbi ya ubongo wao, na kila mmoja alipoanza kusinzia walimpa kitu kipya cha kuchezea au cha kujengea tundu. Hapakuwa na maji wala sahani ya kuzunguka. Panya alikesha kama mtoto anavyokesha siku ya ngoma. Wengine walikesha saa 12 mfululizo, wengine saa 6 kila siku kwa siku 5. Panya hao waliumia upesi zaidi kwa joto, kwa baridi, kwa kubanwa na kwa ukali wa pilipili, lakini hawakushtuka zaidi kwa sauti ya ghafla, kwa hiyo haikuwa kwamba wamekuwa wepesi wa kila kitu. Wakapewa ibuprofeni, dawa ya jamii ile aliyoieleza Vane. Haikuwafaa. Wakapewa mofini, nayo ikapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Mwishowe wakapewa kafeini, iliyomo katika kahawa, na modafinili, dawa ya kumfanya mtu awe macho, ambazo hazihesabiwi kuwa dawa za maumivu. Hizo ziliyarudisha maumivu yao katika kiasi cha kawaida. Panya waliokwisha kulala vya kutosha, walipopewa dawa hizo hizo mbili, hawakupata nafuu yoyote.