Kismayu: Uwanja wa Ndege Usio na Mlima

Rubani anayetua Goma, Kongo, huuhofia Nyiragongo, mlima uliomwaga lava hadi kwenye njia ya kurukia ndege Januari 2002. Kismayu, mji wa kusini mwa Somalia, hakuna mlima. Uwanja wake ni tambarare, karibu na bahari, na njia yake ya kurukia inazidi kilomita 3. Hata hivyo, tangu 1991 umekuwa miongoni mwa viwanja vigumu zaidi kwa ndege za abiria Afrika Mashariki, na ugumu huo umeletwa na binadamu.

Somali Airlines, shirika lililoanzishwa 1964 kwa ubia na Alitalia, lilianza kwa ndege za DC-3, na Kismayu ukawa kituo chake kusini. Serikali ya Rais Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, shirika lilisimama. Desemba 1992 wakaingia wanajeshi wa Marekani na Ubelgiji kulinda chakula cha msaada. Septemba 2006 mji ukatwaliwa na wapiganaji wa Mahakama za Kiislamu. Agosti 2008, kundi la Al-Shabaab. Septemba 2012, jeshi la Kenya likashuka ufukweni. Kila aliyeutaka mji aliutaka uwanja pia, na abiria akawa wa mwisho kufikiriwa.

Hata anga iliongozwa kutoka ugenini. Kuanzia 1996 Umoja wa Mataifa uliisimamia anga ya Somalia ukiwa Nairobi, hadi Desemba 2017 kazi hiyo iliporudi Mogadishu. Kurudi huko hakukumaliza mvutano. Agosti 2019, uchaguzi wa Jubaland, jimbo lenye Kismayu, ukikaribia, serikali kuu iliagiza ndege za kwenda Kismayu zipitie kwanza Mogadishu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Anayeumia ni raia. Mbajuni wa visiwa vya Chovai, Chula au Koyama huvuka kwa mashua hadi Kismayu. Akiwa na mgonjwa wa kupeleka Mogadishu, mbele yake kuna barabara ndefu ambako Al-Shabaab wameweka vizuizi kwa miaka mingi. Ndege ndiyo njia iliyo salama zaidi, na inapozuiwa kwa sababu za siasa, mgonjwa hana pa kupita.

Viongozi wa Mogadishu na wa Jubaland wana haki ya kushindana kwa kura na kwa hoja. Lakini ndege ya abiria isiwe silaha yao. Wakubaliane, kwa maandishi, kwamba uwanja wa Kismayu utabaki wazi kwa wasafiri hata wao wanapogombana.