Vinasaba vya Samaki: Kutoka Laini Saba hadi Mdomo wa Sabaki

Vinasaba vya mazingira ni chembechembe za DNA ambazo kiumbe huziacha majini kupitia ute, magamba na kinyesi. Mtafiti hahitaji wavu. Huteka maji, huyachuja, hunakili kipande cha DNA mara nyingi mno, kisha hukilinganisha na kumbukumbu za samaki wanaojulikana. Mwaka 2008 njia hii ilimtambua chura wa Marekani katika madimbwi ya Ufaransa. Mwaka 2015 Masaki Miya na wenzake wa Japani walitangaza kipimo cha samaki kinachotumika sana hadi leo.

Lakini maji hayasemi samaki amefikaje. Laini Saba, Kibera, watu hula mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakatwa. (Wanaoudharau hawajauonja ukiwa umekaangwa vizuri.) Maji ya kuoshea humwagwa mtaroni, na mitaro ya Kibera huteremka kuelekea Bwawa la Nairobi na Mto Ngong. Ukipima hapo, mbuta wa Ziwa Victoria anaweza kuonekana mkaazi, kumbe aliletwa na lori.

Hata samaki akiwa mkaazi kweli, vinasaba havisemi kama ni mzima. Kambale huvuta hewa ya juu, hivyo huweza kuishi kwenye maji machafu yasiyo na oksijeni ya kutosha. Hali yake huulizwa kwenye seli. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, Mtaliano, aliona jinsi seli za nzi zinavyobadilika zikipata joto. Baadaye zilijulikana protini za mshtuko wa joto, mojawapo HSP70, ambazo hulinda protini nyingine zisiharibike. Joto, madini kama risasi na ukosefu wa oksijeni vyote huweza kuziamsha. Kuzipima kunahitaji samaki mwenyewe, kwa mfano kipande cha matamvua yake.

Hili latuhusu sisi wa pwani. Mto Ngong huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi, ambao mbele huitwa Galana, na Sabaki unapomwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Vinasaba vya mgongo wazi huoza njiani kwa siku au wiki chache. Risasi haiozi; hushikamana na tope na kusukumwa na mafuriko. Kwa hiyo anayepima DNA pekee pale mdomoni atapata orodha ya samaki, na risasi itampita. Akitaka kujua kama inawadhuru, itabidi anunue samaki kwa wavuvi na kupima tishu zao.