Sarafu za senti (Tanzania)

Sarafu za senti ni fedha za madini zenye thamani iliyo chini ya shilingi moja. Zilitumika nchini tangu enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki hadi mfumuko wa bei ulipozifukuza madukani. Zilifyatuliwa kwa mamilioni na zikapita katika kila kiganja, na kwa sababu hiyohiyo ni wachache mno waliofikiria kuziweka. Leo iliyochakaa hupatikana bila taabu; iliyo safi ni adimu.

Kabla ya senti

Palikuwa na pesa, kisha hela. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria (1882), ina mizani upande mmoja. Hela ni heller ya Wajerumani, iliyoanza 1904, mia moja kwa rupia. Sarafu zenyewe ziliondoka, majina yakabaki kinywani hadi leo.

Senti zenye tundu

Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza miaka ya mwanzo ya 1920. Senti 1, senti 5 na senti 10, ambayo wengi waliiita peni, zilitobolewa katikati, zikawa rahisi kutungwa kwenye uzi. Pembe za ndovu zimelizunguka tundu, na jina la mfalme limeandikwa ukingoni. Picha yake haikuwa na mahali pa kukaa.

Hapo ndipo penye kisa maarufu kuliko vyote katika sarafu za eneo hili. Edward VIII aliachia kiti cha ufalme Desemba 1936 kabla hata ya kutawazwa, na kwao Uingereza wananchi hawakuwahi kushika sarafu yake katika matumizi ya kawaida. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilihitaji jina tu, si sura, hivyo zilikuwa zimekwisha kufyatuliwa kwa wingi. Mkulima au kuli wa bandarini alinunua chumvi kwa sarafu ya mfalme ambaye Mwingereza mwenyewe hakuwa na senti yake mfukoni. Mauzo ya sarafu hizo yanafundisha jambo ambalo wakusanyaji wapya huchelewa kulielewa: pamoja na kisa chake chote, peni ya 1936 iliyotumika bado ni ya bei ndogo, kwa kuwa zilizosalia ni nyingi. Umri na umaarufu haviifanyi sarafu kuwa adimu. Herufi ndogo H au KN, alama za viwanda vya Birmingham, nazo hutazamwa kwa makini, kwa sababu ndizo zinazotenganisha matoleo ya mwaka mmoja.

Peni za mwisho, za 1964, hazina jina la mfalme yeyote.

Toleo la 1966

Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi Juni 1966 na kutoa sarafu zenye sura ya Mwalimu Nyerere. Senti 5 ya shaba nyeusi ina pande kumi na mbili na samaki sulisuli; senti 20 ina mbuni; senti 50, yaani sumni, ina sungura. Senti 10 ya pundamilia, yenye ukingo wa mawimbi, ilifuata 1977. Ni kazi nzuri mno kwa fedha ya kununulia pipi. Sumni iliyotembea sana hutambulika kwa kidole: ubavu wa sungura umelainika kama kokoto ya mtoni, ilhali kwenye ambayo haikutumika manyoya bado yanahesabika.

Ukusanyaji

Adui mkubwa wa senti ni usafi. Mtu akiokota peni nyeusi kabatini kwa bibi, huisugua kwa ndimu na majivu hadi ing'ae, na papo hapo huifutia thamani, kwani rangi ile ya kahawia iliyoiva kwa miaka ndiyo inayotafutwa. Chumvi ya hewa ya pwani nayo huila shaba. Huhifadhiwa kwenye bahasha kavu ya karatasi, na hushikwa ukingoni, kamwe si usoni.

Hali ya sasa

Senti haitumiki tena, ingawa shilingi kisheria bado ina senti mia. Dala, sarafu ya shilingi 5 iliyoyapa mabasi jina la daladala, nayo imetoweka. Shilingi 20 ya 1990, yenye pande saba na tembo, inaelekea kukosekana kwa njia nyingine: ni chuma kilichovikwa nikeli, na ganda likikwaruzika kutu huingia ndani. Shilingi 50 ya kifaru ni chuma pia, na kwa sasa bado inapatikana kwenye chenji ya dukani ikiwa inang'aa.