Alama za Mtihani Hazina Jinsia

Sisi wa Bariadi tunazijua taabu za karatasi. Mtoto anaitwa Ng'wandu, mwalimu wa darasa la kwanza anamwandika Mwandu, na siku ya kuomba mkopo wa chuo cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cheti cha kidato cha nne kinasema vile. Basi tena, atafutwe wakili wa hati ya kiapo! Herufi mbili tatu tu, na safari ya chuo imeingia mashakani.

Sasa mfikirie mwanafunzi ambaye tofauti hiyo si ya herufi, ni jina zima, pamoja na ile alama ya "me" au "ke". Kazaliwa akaandikwa mvulana, lakini tangu utotoni anajijua kuwa msichana, na ukubwani ameamua kuishi hivyo. Au kinyume chake. Watu wakisikia habari ya kubadili jinsia hukimbilia mambo ya chumbani. Mimi nilipoanza kufuatilia historia yake hapa Afrika Mashariki, nilikuta kesi iliyovuma sana ikihusu cheti cha shule.

Mwenye kesi ni Audrey Mbugua wa Kenya. Mwaka 2001 alifanya mtihani wa sekondari akiwa mwanafunzi wa kiume na kupata wastani wa A-. Hizo si alama za mchezo. Akaenda Chuo Kikuu cha Maseno kusomea sayansi na teknolojia ya tiba, akapata shahada. Mwaka 2008 madaktari wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, walithibitisha hali yake, akaendelea na matibabu na kubadili jina kisheria. Lakini karatasi zilibaki nyuma. Mwajiri anamwona mwanamke mbele yake, akifungua bahasha anakuta mwanamume. Shahada anayo, kazi hapati.

Akaliomba Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya limbadilishie jina kwenye cheti na kuondoa alama ya jinsia. Baraza likakataa. Mwaka 2013 akaenda Mahakama Kuu, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akatoa hukumu: Baraza litoe cheti kipya chenye jina la Audrey Mbugua, bila alama ya jinsia. Hoja yake moja nimeipenda kwa jinsi ilivyo nyepesi kueleweka. Mtahiniwa hapewi alama kwa sababu ya jinsia yake, kwa hiyo kuiondoa jinsia hakupunguzi thamani ya cheti. Hesabu uliyoipata umeipata.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, Jaji George Odunga alikuwa ameamua kwamba shirika la Audrey na wenzake, Transgender Education and Advocacy, lilinyimwa usajili isivyo haki. Kwa hiyo vijana wenye hali kama yake wakapata pa kubisha hodi. Afrika Kusini walikwisha kutunga sheria ya kubadilisha jinsia kwenye kumbukumbu za serikali tangu mwaka 2003.

Kwetu Tanzania upepo ulivuma kwingine. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga. Wizara ya Mambo ya Nje ikasema huo si msimamo wa serikali, lakini hofu ilishaingia. Na hofu haichagui. Aliyebadili jinsia naye anajificha. Mwanafunzi anayejificha hatakwenda kwa mshauri wa wanafunzi, hata akiugua. Atachagua kuacha chuo kimyakimya.

Wapo wanaosema kubadilisha karatasi ni kusema uongo. Jamani, na sisi je? Kabla ya mwaka 2012 Bariadi ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ukazaliwa Mkoa wa Simiyu, Bariadi ikawa makao makuu. Hati za baba zinasema Shinyanga, za mtoto zinasema Simiyu, na nyumba ni ileile. Hakuna aliyeitwa mwongo. Karatasi ilifuata hali ya mambo.

Msaada ninaouzungumzia mimi hauhitaji fedha za wafadhili. Mwalimu aite jina ambalo mwanafunzi analiitikia. Kitambulisho cha chuo kifanane na uso wa anayekibeba. Siri ya faili isitoke ofisini kwenda kantini.

Nasi tunaojifunza kuandika riwaya tuna la kufanya. Lugha yetu ilituwahi: Kiswahili kinasema "yeye", na Kisukuma nacho hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Unaweza kusimulia maisha ya mtu kurasa nzima, njaa yake, mapenzi yake, mitihani yake, na msomaji akamjua kabla ya kuuliza ni me au ke. Tumwandike huyo mwanafunzi hivyo, kama mtu aliyekuja chuoni kusoma.