Jongoo Aliyepanda Msitu wa Bamburi

Desemba 2024, kampuni ya Amsons ya Tanzania ilipokamilisha ununuzi wa Bamburi Cement ya Kenya, gumzo lilikuwa la hisa na mabilioni. Machimbo ya zamani ya kiwanda hicho, kaskazini ya Mombasa, hayakuzungumzwa sana. Kwa msomaji wa Unguja, ambako Mji Mkongwe kwa sehemu kubwa umesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa, machimbo hayo ndiyo habari yenyewe.

Saruji ilianza kutoka Bamburi mwaka 1954. Matumbawe ya kale yakavunjwa, yakasagwa, yakachomwa. Yakabaki mashimo meupe, jua kali juu, maji ya chumvi karibu chini.

Mwaka 1971, René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda, akaanza kuyafufua. Alijaribu aina 26 za miti. Zikasalimika tatu tu. Mshindi akawa mvinje, ule mti wa pwani unaovuma kama bahari upepo ukipita. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hivyo hauhitaji udongo wenye rutuba nyingi.

Ikazuka shida nyingine. Mivinje ilirefuka, lakini majani yake membamba kama sindano yakadondoka na kukataa kuoza. Bila mboji, hakuna kingine kingeota. Ndipo Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna. Wakakusanywa majongoo kwa mamia, wakaachiwa machimboni; kinyesi chao kikawa chanzo cha udongo. Wahenga walisema jongoo hapandi mtungi. Bamburi alipanda msitu.

Kisa hicho kimetoka kwa Haller mwenyewe, na waandishi humfuata yeye, makala haya yakiwamo. Vibarua waliotoboa mwamba na kumwagilia miche juani hawatajwi.

Wageni walifunguliwa njia mwaka 1984, wapite katikati ya machimbo wakitazama mabwawa ya samaki, twiga na mamba. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa Malindi, aliletwa hapo akamganda Mzee, kobe wa Aldabra, jamaa ya kobe wetu wa Changuu. Picha zao zikazunguka dunia.

Unguja mivinje ipo, majongoo wapo. Na wilaya ya Kaskazini B, ambako malori ya mchanga yamepita miaka mingi, mashimo nayo yapo.