Njia ya kwenda masomo: Uholanzi, Dar es Salaam, na kwetu Bunia

Ndugu walisomi, tangu 2019 serikali ilipotangaza masomo ya msingi bila malipo, watoto wengi zaidi wanaamkia barabarani hapa Bunia. Wanatembea pembeni ya Boulevard de la Libération, pamoja na moto, malori na baiskeli zenye kubeba makaa. Gari nyingi zimetokea Uganda na usukani uko kuume, na sisi tunaendesha upande huo huo wa kuume. Dereva akitaka kupita gari la mbele, haoni vizuri kile kinachokuja. Mtoto akigongwa tunasema: "Wazazi hawakumufundisha." Tuangalie kwanza wengine walifanya nini.

Uholanzi, nchi ya baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani. Zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti Vic Langenhoff alifiwa na binti yake, aliyegongwa akienda masomo kwa baiskeli. Mwaka 1972 akaandika makala kuomba wazazi waungane. Kikundi kikazaliwa, Stop de Kindermoord, ni kusema "Komesha mauaji ya watoto". Wazazi wakafunga barabara, wakadai barabara yenyewe ibadilishwe. Mwaka 1973 petroli ikapanda bei, na serikali nayo ikaanza kufikiri upya juu ya gari. Kidogo kidogo njia za baiskeli zikajengwa, mwendo wa gari mitaani ukapunguzwa.

Mtu atasema: Ulaya wana pesa. Sawa, twende Dar es Salaam. Shirika linaloitwa Amend lilichagua shule ambako watoto walikuwa wanagongwa sana, likauliza wanapita wapi. Kisha likaweka matuta, njia ya miguu, alama za kuvukia, vizuizi vya kukinga watembea kwa miguu. Kwengine lilihamisha geti la shule kutoka barabara kubwa. Kazi ndogo, pesa kidogo. Utafiti ulipolinganisha shule hizo na zile ambazo hazijaguswa, majeraha yalikuwa yamepungua karibu robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata zawadi ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize for Cities.

Sisi wa agronomia tunajua jambo hili tayari. Ku mlima, hakuna mtu anafundisha maji ya mvua yasibebe udongo. Tunachimba mtaro, maji yenyewe yanapunguza mbio. Na dereva ni vile: tuta linamupunguza hata siku polisi hayupo. Mtoto wa miaka saba, hata umufundishe namna gani, hawezi kupima mbio ya moto inayokuja.

Kwa hiyo, walisomi wa Mbunya, Shari na Nyakasanza: muchague shule moja karibu na kwenu. Asubuhi tatu, musimame kwa geti na daftari, muandike watoto wanavukia wapi na moto zinapita mbio wapi. Mupeleke karatasi hiyo kwa komite ya wazazi, halafu muende pamoja nao ku komine. Langenhoff alianza na makala moja. Sisi daftari tunazo.