Mwanafunzi: Mwana, Si Mali

Neno "mwanafunzi" tumelizoea katika Injili na shuleni. Limeungwa kwa maneno mawili: "mwana", na "funzi" lenye shina moja na kufunda, kufunza na fundi. Ndiyo maana kijana anayejifunza uashi au useremala kwa fundi wake naye huitwa mwanafunzi.

Hapa Unguja neno hili lilibeba uzito wa pekee. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliokuwa watumwa. Mtumwa alihesabiwa mali. Mwanafunzi ni mwana. Wavulana wa misheni walifundishwa kusoma, na baadhi yao kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa palepale Mkunazini. Askofu Steere alisimamia ujenzi, lakini kuta zilipandishwa na mikono mingi.

Basi tukijiita wanafunzi wa Yesu, aliyekuwa seremala, tunakiri mambo mawili: sisi ni wana nyumbani mwake, na kazi yake tunajifunza pamoja. Je, yupo kati yetu tunayemhesabu kwa mchango wake tu? Tumrudishie jina lake la kwanza: mwana.